CHENJI YA RADA TUSIISUBIRI TENA

Ndugu msomaji, ukisimama hapa Sanya Juu jioni kukiwa kweupe, ndege inayoshuka KIA unaiona kwa macho yako mawili. Lakini wingu la Kilimanjaro likishatanda, huoni kitu. Je, mwongoza ndege naye anaona nini?

Rada hurusha mawimbi na kusubiri yarudi. Mlima ukiwa katikati, rada ni kipofu. Ndiyo maana dunia inahamia kwenye kifaa kiitwacho kwa kifupi ADS-B. Ndege hupata mahali ilipo kutoka satelaiti, kisha hujitangaza yenyewe, karibu kila sekunde, kwa kituo cha chini na kwa ndege jirani. Marekani imekilazimisha katika sehemu kubwa ya anga yake tangu Januari 1, 2020.

Faida zipo, tusibishe. Kituo chake ni cha bei nafuu kuliko rada, hivyo vinaweza kuwekwa vingi nyuma ya milima na porini. Ndege ikipotea, waokoaji wanajua ilijitangaza wapi mara ya mwisho. Mei 18, 1955 Dakota ya East African Airways iligonga Kilimanjaro, wakafa wote 20. Novemba 15, 2017 ndege ndogo ilianguka Empakaai, Ngorongoro, wakafa 11. Hatusemi kifaa kingewaokoa. Tunasema anga yetu hii ina milima na haina mzaha.

Lakini kasoro nazo zipo. Mwenye kandege kamoja naye atabebeshwa gharama. Matangazo yenyewe hayana kufuli: yeyote mwenye kipokezi cha bei poa anayasikia, na mjuzi mwenye nia mbaya anaweza kutangaza ndege hewa. Satelaiti ikivurugwa, kifaa kinapotea njia. Wala hakimwongozi rubani: Desemba 2013 ndege kubwa ya Ethiopia ilitua uwanja mdogo wa Arusha badala ya KIA.

Sasa tuje kwenye ulaji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 2001 tuliuziwa rada ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilipiga kelele kwamba ni ghali mno. Vigogo wakaziba masikio. Mwaka 2010 mahakama ya Uingereza iliipiga kampuni hiyo faini kwa kutotunza hesabu vizuri, na zaidi ya pauni milioni 29 zikarudi kwa ajili ya vitabu na madawati. Mitaani tukaziita chenji ya rada. Mwaka 2017 TCAA ilisaini na Thales ya Ufaransa mkataba wa rada nne, KIA ikiwamo, kwa zaidi ya shilingi bilioni 67.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kifaa kilazimishwe, lakini ndege ndogo zipewe muda na nafuu ya ushuru. Rada zilizolipiwa zisizimwe, ziwe akiba. Na mkataba wowote usomwe bungeni kabla ya kusainiwa, si baada ya wazungu kutufichulia.

Nawe kijana, usiseme hupandi ndege. Mpagazi, dereva, muuza vinyago, wote mkate wao unatua KIA. Uliza bei sasa. Chenji hurudishwa kwa aliyekwisha kupunjwa.