Utetezi wa Mwenye Kuhesabu Siku

Wako watu ambao furaha ya mwenzao huwatia mashaka kuliko msiba wake. Akipatwa na msiba humpa pole bila ya kuuliza maswali. Akiwa na furaha humtaka aeleze ameipata wapi, imemgharimu kiasi gani, na kama inaufaa umri wake. Nataka kusema juu ya watu hao, kwa sababu mwaka jana walimcheka ndugu yangu mbele yangu, nami nilinyamaza. Kunyamaza kwangu kumenisumbua tangu siku ile, na insha hii ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa wakati ule.

Ndugu yangu huyo, ambaye ni mdogo wangu kwa kuzaliwa, anakaa Columbus katika jimbo la Ohio, Marekani. Kazi yake ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Ana mke na watoto wawili. Kila baada ya miaka michache hufunga safari ya gari, mwendo wa kilomita zipatazo 1,500, kwenda Florida katika bustani kubwa ya burudani iitwayo Walt Disney World, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Huko kuna magari yapandayo vilima vya chuma na kushuka kwa kishindo, mashua zipitazo katika mapango ya giza, maandamano ya viumbe wa hadithi, na fataki za usiku. Siku 100 kabla ya safari, watoto hukata vipande 100 vya karatasi za rangi, huviunganisha kuwa mnyororo wa pete, na kuutundika jikoni. Kila jioni baada ya chakula pete moja hukatwa.

Nilipoonyesha picha ya mnyororo huo katika chumba cha walimu, mwenzetu mmoja alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mwalimu," alisema, "ndugu yako ni baba wa watu, naye anahesabu siku za kwenda kupanda pembea!" Wengine wakacheka pamoja naye. Mmoja tu hakucheka, bali alisema neno zito zaidi: kwamba mwenye kuhesabu siku anatamani ziishe, na atamaniye siku ziishe anatamani umri wake uishe.

Nianze na kicheko, kwa kuwa ndicho chepesi. Wamesema kwamba kuhesabu siku ni utoto. Basi na waitazame lugha yao wenyewe. Baada ya leo, Kiswahili kina kesho. Baada ya kesho kina kesho kutwa. Siku ya tatu huitwa mtondo, na ya nne mtondogoo. Je, waliotuundia maneno haya walikuwa watoto? Walikuwa watu wazima waliokuwa na arusi za kuandaa, safari za kufunga na mavuno ya kukusanya. Waliijua siku ambayo haijafika, wakaipa jina lake, kama vile mzazi amwekeavyo jina mtoto aliye tumboni. Na arusi inapofika, wenye arusi hukumbushana kwamba hayawi, hayawi, huwa. Ikiwa kuhesabu siku ni utoto, basi sisi sote ni watoto, na lugha yetu ndiyo iliyotulea.

Watasema tena: arusi na mavuno ni mambo ya kweli, lakini bustani ile ni uwongo mtupu. Kasri lake si kasri. Hili siwezi kulikana. Kasri la Florida, lenye urefu wa futi 189, halikujengwa kwa mawe. Ni chuma, saruji na ngozi ngumu iliyofinyangwa kwa nyuzi za kioo. Sehemu zake za juu zimefanywa ndogo kuliko za chini makusudi, ili jicho lidanganyike lidhani kwamba jengo ni refu zaidi. Lakini naomba niulize: ni nani aliyedanganywa? Mtoto wa miaka mitano ajua kwamba hakuna malkia alalaye ndani, kama vile watoto wetu wajuavyo kwamba sungura hakupata kumhukumu simba. Hadithi si uwongo kwa sababu msimulizi na msikilizaji wamekubaliana. Mwalimu afundishaye fasihi asubuhi, kisha akaicheka hadithi wakati wa chai, anajipiga kofi mwenyewe.

Sasa nije kwa mwenzetu yule ambaye hakucheka, maana neno lake halijibiwi kwa mzaha. Ni kweli kwamba yuko mtu ahesabuye siku ili azitupe. Mfungwa huzihesabu hivyo. Kila alama aitiayo ukutani ni siku aliyoizika, wala hataki kuikumbuka. Lakini mkulima pia huhesabu siku. Akisha kupanda mahindi huhesabu siku za kuota, siku za kupalilia, siku za kuweka mbolea. Hakuna hata moja kati ya siku hizo ambayo angetaka itoweke, kwa sababu kila moja ina kazi yake, na mbegu haiwezi kukomaa bila ya hiyo. Mfungwa na mkulima wanatumia hesabu ile ile, lakini hawafanyi jambo moja.

Basi ndugu yangu ni yupi kati ya hao wawili? Pete moja inapokatwa, sarafu hutiwa katika chupa. Mtoto mkubwa hujumlisha fedha na kuutoa upungufu, na kwa njia hiyo alijua hesabu za sehemu kabla ya kufundishwa darasani. Mdogo husoma majina ya miji katika ramani: Charleston, Charlotte, Savannah. Mama huamua ni nguo gani ya kushonwa na ipi ya kuachwa. Jioni hizo 100 hazikutupwa, zilipandwa.

Na bustani zenyewe hazikuanza kwa njia nyingine. Ile ya kwanza ya Walt Disney, katika mji wa Anaheim, California, ilianza kujengwa Julai 1954 katika mashamba ya michungwa, ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Mwaka mmoja tu! Tangu Oktoba 1954 watoto wa Marekani walikuwa wakionyeshwa habari zake katika televisheni, wakangojea pamoja na wajenzi. Siku ilipofika mambo hayakuwa kamili: mifereji mingi ya maji ya kunywa ilikuwa mikavu, na lami ilikuwa mpya hata visigino vya viatu vya akina mama vikazama. Lakini bustani ilisimama. Nani angeijenga katika mwaka mmoja kama hakuhesabu siku?

Tena wataalamu wameyachunguza mambo haya. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Uholanzi juu ya watu wazima 1,530. Ulionyesha kwamba wenye safari ya mapumziko walikuwa na furaha kuwapita wasio nayo kabla ya kuondoka. Waliporudi nyumbani, wengi wao hawakuwa na furaha kuliko wale ambao hawakwenda popote. Waliobaki na faida kidogo ni wale tu waliopumzika sana. Maana yake ni nini? Ni kwamba sehemu kubwa ya furaha ya safari hupatikana kabla ya safari. Anayemwambia mwenzake aache kungojea kwa furaha, anamwambia aitupe nyama na kuhifadhi mfupa.

Lakini itakuwaje siku yenyewe isipofika? Swali hili ndilo zito kuliko yote, na familia ya ndugu yangu imelijibu kwa maisha yao, si kwa maneno. Walipanga safari ya Aprili 2020. Katikati ya Machi mwaka huo, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, milango ya bustani ilifungwa, isifunguliwe mpaka Julai. Pete 33 zilikuwa zimebaki ukutani. Ndugu yangu alikuwa akitoka kazini usiku, akivua nguo zake katika gereji ili asiwapelekee watoto maradhi. Katika nyumba ile ya wazee, wengine aliowalisha kwa mkono wake hawakuuona mwezi wa Mei. Alitaka kuushusha mnyororo, akidhani kwamba utawahuzunisha watoto. Mtoto mdogo alikataa. Alisema zile pete zisikatwe wala zisiondolewe. Zitangoja na wao. Zikakaa ukutani miaka miwili, rangi zikapauka kwa mvuke wa vyungu, na mwaka 2022 wakaanza kuzikata tena kutoka pale walipoachia. Ndugu yangu aliniambia katika simu kwamba, katika usiku ule mbaya, kitu cha kwanza alichokiona akiingia jikoni kilikuwa pete 33 za karatasi, nazo zilimwambia kwamba iko siku mbele. Nawauliza wale waliocheka: wao walikuwa na nini ukutani?

Hata hivyo sitaki nionekane kama mpiga debe wa wenye bustani. Nimemtetea mwenye kungoja. Simtetei mwenye kuuza. Katika bustani zile watu husimama foleni ndefu, zilizopindwapindwa ili asimamaye asiuone mwisho wake. Foleni ni jambo la kuchosha, lakini ina uadilifu wake: tajiri na mtumishi husimama chini ya jua moja, na atanguliaye kufika hutangulia kupanda. Mwaka 1999 ilianzishwa njia ya kupewa saa ya kurudi, bila malipo, kwa kila mwenye tikiti. Mwaka 2021 mahali pake pakachukuliwa na njia ya kulipia. Mwaka 2024 ikatolewa nyingine ghali zaidi, ambayo katika siku za watu wengi bei yake kwa mtu mmoja ilipita dola 400, juu ya tikiti ya kuingilia.

Hapa ndipo kicheko kingefaa, tena kicheko cha uchungu. Maana gari la reli halikuongezwa viti. Kila mtu apitaye kando kwa fedha zake anazirefusha dakika za yule aliyesimama. Hakuna kungoja kulikoondolewa. Kumehamishwa tu kutoka mabega ya mwenye nazo kwenda mabega ya asiye nazo. Familia iliyoweka sarafu katika chupa kwa siku 100 inasimama na kuwatazama wengine wakipita. Mwenzetu aliyemwaga chai yake angetaka kupata jambo la kukemea, angelikuta hapa: si katika karatasi za watoto, bali katika biashara iliyogundua kwamba hata subira ya maskini yaweza kuuzwa.

Vijana wasomaji, nimewaona ninyi pia. Nimefungua madaftari yenu nikakuta, katika ukurasa wa mwisho, siku za muhula zimeandikwa kwa safu na kufutwa moja moja mpaka siku ya kufunga shule. Sikuwakemea, wala sitawakemea. Nami nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilizihesabu hivyo hivyo, nyuma ya daftari la saikolojia, na mama yangu nyumbani alikuwa akizihesabu kwa upande wake. Lakini nawauliza neno moja tu: mnazihesabu kama nani? Ukiifuta siku uliyoipitisha bila ya kusoma wala kutenda lolote, umekuwa mfungwa katika shule ambayo mzazi wako aliuza ndama ili uingie. Ukiifuta siku uliyoitumia, umekata pete ya halali, na furaha ya kesho ni haki yako.

Methali yasema subira yavuta heri. Haikusema kwamba heri huja yenyewe. Imesema huvutwa, na mwenye kuvuta hutia nguvu. Kwa hiyo hesabuni siku zenu bila ya aibu, na mkimwona mtu mzima akihesabu zake, msimcheke. Huenda ana usiku mrefu ambao hamwuoni, na jikoni mwake kuna pete chache za karatasi zinazomwelekeza asubuhi iliko.