Ada za Leseni na Magari: Tuseme Kabla Kanuni Hazijapita

Vijana wenzetu, serikali ikitaka kuongeza kodi, nchi nzima hujua. Mswada wa Fedha unajadiliwa redioni, mtandaoni hadi kwenye baraza la kahawa. Lakini ada za leseni, za usajili wa gari na za ukaguzi mara nyingi hupitia kwenye kanuni za waziri. Tangazo dogo gazetini, rasimu ndefu ya Kiingereza, siku chache za kutoa maoni, basi. Ukija kushtuka, uko kwenye eCitizen unaitazama bei mpya.

Chukua mfano wa ukaguzi. Rasimu iliyotolewa na NTSA mwaka 2025 ilitaka hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka 4 tangu yatengenezwe yakaguliwe. Ukisikia hivyo, waona sawa tu. Lakini jiulize, ni nani Kenya hii mwenye gari la chini ya miaka 4? Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa ni mitumba kutoka Japani, na utaratibu waruhusu yawe na umri wa hadi miaka 8. Gari la mwalimu, la fundi au la mama muuza samaki laweza kuingia nchini likiwa limeshavuka mpaka huo. Mwenye pesa anayenunua gari jipya hana wasiwasi kwa miaka kadhaa. Kanuni ni moja kwa wote, lakini mzigo uko upande mmoja.

Tuelewane: hatupingi usalama. Zaidi ya watu 4,000 hufariki kila mwaka katika barabara zetu, na wanaoenda kwa miguu ndio wengi zaidi. Gari bovu likaguliwe, na asiyejua kuendesha asipewe leseni. Swali letu ni bei. Ada ni malipo ya huduma. Ikizidi gharama ya huduma yenyewe, hiyo ni kodi iliyobadilishwa jina. Na Katiba, ibara ya 210, yasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria.

Bei ikipanda, wa kwanza kuumia ni kijana wa boda na wa tuktuk. Akishampa mwenye chombo hesabu yake na kulipa mafuta, kuna siku harudi nyumbani na kitu. Leseni ikiisha, hataegesha pikipiki, maana watoto watakula nini? Atabeba abiria huku akimkwepa askari. Akishikwa, ataona kitu kidogo cha leo ni nafuu kuliko leseni ya mwaka. Hapo serikali imekosa ada, abiria amekosa usalama, na anayeshiba ni mla hongo.

Msiseme maoni yetu hayasikizwi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kila mwenye gari alipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake, kuanzia shilingi 5,000 hadi 100,000. Gari la shilingi 800,000 lingelipiwa 20,000 kila mwaka. Watu walipeleka maoni bungeni, vijana wakaingia barabarani, na Juni 18, 2024 kodi hiyo ikatangazwa kuwa imeondolewa.

Kwa kanuni pia tuna nguvu. Sheria ya mwaka 2013 ya kusimamia utungaji wa kanuni yamtaka anayezitunga ashauriane na watakaoguswa, na aeleze athari zake ikiwa zitawaletea wananchi gharama kubwa. Kisha lazima zifikishwe Bungeni, na Bunge laweza kuzifuta.

Basi rasimu ikitoka, usiishie kuisambaza na kulalamika WhatsApp. Kaeni na wenzako wa stage, muisome pamoja. Andikeni maswali matatu: huduma hii yagharimu pesa ngapi hasa? Pesa inayokusanywa yaenda wapi? Na mtu wa Lamu au Mandera ataipata wapi bila kusafiri siku nzima? Andikeni kwa Kiswahili, ni lugha rasmi kwa mujibu wa ibara ya 7. Wekeni sahihi, pelekeni kabla ya siku ya mwisho, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Wakisema kesho kwamba wananchi walishirikishwa, nakala hiyo itaonyesha tulisema nini.