Umeme wa Nusu Nyumba Usidharauliwe

Kila masika dhoruba huangusha miti juu ya nyaya za umeme. Giza likitanda mtaa mzima, wananchi husubiri. Lakini taa zikiwaka sebuleni na kuzimika jikoni, kila mtu hujifanya fundi. Tabia hiyo haina budi kukomeshwa.

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Nyumba yenye fezi tatu ikipotewa na fezi moja, baadhi ya vyumba hukosa umeme. Waya wa nyutro ukikatika, hatari huzidi: taa nyingine hufifia na nyingine hung'aa kupita kiasi, kwa kuwa msukumo wa umeme waweza kupanda na kukaribia volti 400. Majokofu na redio huungua, na moto waweza kuzuka.

Dalili hizo zikionekana, swichi kuu izimwe mara moja, mradi ilipo ni pakavu. Kisha majirani waulizwe. Iwapo nao wamepatwa, kosa liko kwenye nyaya za mtaa, na Shirika la Umeme liarifiwe. Iwapo ni nyumba moja tu, huenda fyuzi imekatika kwa maji yaliyopenya ukutani, au waya uingiao nyumbani umelegea. Aitwe fundi anayejua kazi. Kuweka waya mnene mahali pa fyuzi ni kukaribisha maafa. Waya ulioanguka usisogelewe kabisa.

Walimu wana wajibu wa kuwafundisha wanafunzi mambo haya, na watumishi wa serikali wawe mfano katika nyumba walizokabidhiwa. Taa chache zinazowaka si ushahidi wa usalama.