Kengele ya Alfajiri na Funzo la Nzi

Majuzi nilisema katika chumba cha walimu kwamba nzi wa matunda, yule mdogo mwenye macho mekundu azungukaye ndizi mbivu, ana la kutufunza kuhusu ratiba za shule zetu. Wenzangu waliangua kicheko. Siwalaumu. Ronald Konopka alipoanza kumchunguza nzi huyo katika maabara ya Seymour Benzer kule California, walikuwapo wataalamu walioamini kuwa tabia ya kiumbe haiwezi kutawaliwa na jeni moja.

Konopka aliwapa nzi kemikali ya kuvuruga jeni, kisha akaangalia wazao wao walitoka lini katika vifukofuko. Nzi wa kawaida hutoka karibu na mapambazuko. Mwaka 1971, yeye na Benzer walitangaza aina tatu zilizokiuka desturi hiyo: moja iliishi kwa siku ya saa 19, nyingine ya saa 28, na ya tatu haikuwa na mpangilio wowote. Ajabu ni kwamba kasoro zote tatu zilikuwa katika jeni moja!

Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walieleza baadaye jinsi saa hiyo ifanyavyo kazi. Jeni huagiza protini itengenezwe. Protini hulimbikizana usiku ndani ya seli, zikiwamo seli chache za neva ubongoni, na kuizima jeni iliyoizaa. Protini ikiisha, jeni huamka tena. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Nasi tunayo saa ya ukoo huo huo. Mwaka 2001 ilibainika Marekani kwamba watu wa familia moja waliosinzia jioni mapema na kuamka usiku wa manane walikuwa na hitilafu katika jeni ya aina hiyo. Tena kijana anapobaleghe, saa yake husogea mbele, usingizi ukachelewa kuja na kuchelewa kuondoka.

Lakini katika mabweni mengi sisi hupiga kengele saa kumi na nusu alfajiri, kisha anayesinzia darasani tukamwita mvivu. Mimi mwenyewe nimewahi kumpigisha magoti kijana kwa kosa hilo, na leo naona haya.

Najua nitaambiwa habari za mtihani. Nawaomba walimu wakuu wajaribu muhula mmoja tu: kengele ilie saa kumi na mbili, halafu tuwahesabu wanaosinzia.