WACHACHE WALIVYOITETEMESHA KONGRESI: WEWE HAPO KIJIWENI WANGOJA NANI?

Ndugu msomaji, usikunje uso. Najua ukisikia habari za Wamarekani wanaofundisha watoto wao nyumbani badala ya kuwapeleka shule, utasema hayo ni mambo ya walioshiba, yanatuhusu nini sisi walalahoi tunaogombea daladala? Yanakuhusu. Wewe ni baba, au utakuwa baba muda si mrefu. Na kila siku unalalamika kijiweni kwamba wakubwa hawakusikilizi. Basi nikueleze habari za watu waliosikilizwa, na sababu ya kusikilizwa kwao.

Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, mzazi wa Marekani aliyemfundisha mwanawe nyumbani alionekana karibu na mhalifu katika majimbo mengi. Afisa wa elimu alibisha hodi, mzazi akaitwa mahakamani, na wengine wakatishiwa kunyang'anywa watoto. Wazazi hao hawakuwa wa namna moja. Walikuwapo wafuasi wa mwalimu John Holt, aliyeanzisha jarida lake mwaka 1977 akidai kuwa shule inaua hamu ya mtoto ya kujua mambo. Walikuwapo walokole waliosema shule ya serikali inawatoa watoto katika imani. Kila mmoja alikuwa na kilio chake, na kila mmoja alichapwa peke yake.

Ndipo mwaka 1983 mawakili wawili, Michael Farris na Michael Smith, wakaunda chama cha kuwatetea wazazi hao kisheria, kwa kifupi HSLDA. Mpango wao unaufahamu vizuri, maana haupishani sana na chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwenu. Kila familia inatoa ada. Kwa miaka mingi ilikuwa kama dola 100 kwa mwaka. Siku afisa akibisha hodi kwako, wakili anatoka kwenye mfuko wa wote. Dola 100 za mtu mmoja haziajiri hata karani. Za maelfu ya familia zinaajiri mawakili wa kutwa nzima. Afisa aliyezoea kumtisha mama peke yake jikoni akajikuta anajibizana na mwanasheria anayejua vifungu kuliko yeye.

Si HSLDA peke yake. Karibu kila jimbo lilikuwa na vyama vyake vya wazazi, vikibanana na wabunge wa huko huko. Kufikia mwaka 1993, kumfundisha mtoto nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50.

Sasa sikiliza kimbembe cha Februari 1994. Kongresi ilikuwa inajadili muswada mkubwa wa fedha za elimu, ulioitwa H.R. 6. Mbunge George Miller wa California akachomeka kifungu cha kutaka walimu wawe na vyeti vya masomo wanayofundisha. Waliokitetea wakasema hakiwagusi wazazi wa nyumbani. HSLDA wakakisoma wakasema kinaweza kuwagusa. Faksi zikatoka, redio za Kikristo zikatangaza, wazazi wakapigiana simu mmoja baada ya mwingine. Kwa siku chache tu, simu laki kadhaa zikaangukia Kongresi mpaka mitambo ikazidiwa. Kumbuka hapo WhatsApp haijazaliwa! Tarehe 24 Februari, Baraza la Wawakilishi likapiga kura ya kukifuta kifungu kile: 424 kwa 1.

Je, walikuwa wengi? Hata kidogo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1999, wizara ya elimu ya Marekani ilikadiria watoto wanaofundishwa nyumbani kuwa 850,000, yaani asilimia 1.7 ya wanafunzi wote. Hawakuchoma tairi, hawakurusha jiwe, hawakungoja mgombea awagawie fulana na kofia. Walikuwa na orodha ya wanachama, mfuko wa ada na namba za simu. Basi!

Wapo vigogo watakaokuambia mzazi hajui kitu, aiachie serikali. Jirani zetu Kenya wana Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013: mzazi asiyempeleka mtoto shule bila sababu ya kuridhisha anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nia yake ni njema, maana bila sheria za namna hiyo binti angeozwa na mvulana angeachwa machungani. Lakini mbona haimtenganishi waziwazi baba anayemficha mtoto na baba anayemfundisha? Wazazi wa huko wanaofundisha nyumbani wameunda umoja wao, na suala lao limefika mpaka mahakamani.

Uingereza, sheria ya mwaka 1944 ilisema mtoto apate elimu kwa kwenda shule "au kwa njia nyingine". Wazazi wakayashika maneno hayo machache, na mwaka 1977 wakaunda chama wakakiita Education Otherwise, jina lililotoka ndani ya sheria yenyewe. Wewe umewahi kuifungua Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978? Au unangoja usomewe na mwendesha mashtaka?

Hata hivyo, usiwashangilie hao HSLDA kwa upofu. Chama kikishaota mapembe huanza kupiga hata wasiostahili. Mwaka 2012, mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulifikishwa katika Seneti ya Marekani. HSLDA wakaupiga vita, wakidai utawapa wageni mamlaka juu ya malezi ya watoto wa Kimarekani. Mzee Bob Dole, askari aliyelemazwa vitani na aliyewahi kuwa kiongozi wa Seneti, aliletwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu kuuombea kura. Ukapata kura 61 dhidi ya 38, ukaanguka kwa kukosa theluthi mbili. Simu zile zile zilizomwokoa mama wa jikoni mwaka 1994, safari hii zilisaidia kumwangusha mlemavu.

Na vijana je? Hapo ndipo nakutaka wewe. Mwaka 2013, vijana waliokuwa wamefundishwa nyumbani waliunda chama chao, Coalition for Responsible Home Education. Walikuwa na la kusema: katika majimbo kama Idaho na Oklahoma mzazi hatakiwi hata kutoa taarifa kwamba anamfundisha mtoto nyumbani, na mtoto anayenyimwa elimu au anayepigwa hana wa kumwona. Wakadai taarifa itolewe, mtoto apimwe kila mwaka, na waliotiwa hatiani kwa kudhulumu watoto wasiruhusiwe kujifungia nao. Hawakuishia kulalamika kwamba wazee wamewasahau. Wakajibu chama kwa chama.

Kijana mwenzangu, sikwambii umtoe mwanao shule. Nakwambia shule anayosoma, darasa analorundikwa na michango unayodaiwa ni mali yako ya kuhoji, na hutahoji ukiwa peke yako. Tafuteni wazazi 10 mtaani. Wekeni ada, hata iwe ya soda. Andikeni majina na namba za simu. Mwekeni mweka hazina anayetoa risiti, na mwenyekiti anayeng'oka kwa kura. Inunueni sheria ya elimu, msomeane. Kisha nendeni wote kumi kwenye mkutano wa shule, mkaulize hesabu ya michango.

Watawaita wakorofi. Waacheni. Wimbo wa umoja ni nguvu tumeimba tangu darasa la kwanza, na bado mnyonge anachapwa peke yake. Wenzetu waliutia kwenye daftari, wakaukatia risiti. Daftari ni bei gani dukani kwa Mangi?