MAARIFA YA NYUMBANI: Pamba au Nailoni?

Mtu asafiriye kutoka Kitale kwenda Bungoma, kwa kupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu mpaka Webuye, huteremka kadiri ya mita 500, maana Kitale iko yapata mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma yapata mita 1,400. Alfajiri alitoka Kitale amejikunyata ndani ya koti. Saa nane mchana yuko Bungoma na shati limemganda mgongoni. Mtu ni yule yule na siku ni ile ile, lakini mwili wake umetaka nguo za namna mbili. Hata hivyo wengi wanunuapo nguo hutazama bei na mng'ao, wala hawaulizi kitambaa kimefumwa kwa nyuzi gani.

Nyuzi za asili ni pamba, sufi ya kondoo, kitani na hariri. Nyuzi za viwandani zivaliwazo sana ni nailoni, poliesta na akriliki, nazo asili yake hasa ni mafuta ya petroli. Nailoni ilitengenezwa kwanza mwaka wa 1935 na mtaalamu Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont ya Marekani, na mwaka wa 1940 soksi ndefu za wanawake za nailoni zikaanza kuuzwa madukani huko. Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka wa 1941 na mabwana Whinfield na Dickson. Wajapani walipoanza kuitengeneza waliiita Tetoron, na mafundi wa cherehani wa Afrika Mashariki wakalilainisha jina hilo likawa tetroni. Wachache wajua kwamba poliesta ya shati na plastiki ya chupa ya maji ya kunywa ni kitu kimoja. Ziko nguo nyingi zilizofumwa kwa chupa kuukuu zilizoyeyushwa.

Kabla ya hapo nguo ya watu wengi ilikuwa pamba. Merikani ilipata jina lake kwa kuwa ililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani tangu miaka ya 1830, na baadaye ikaenea bara pamoja na kaniki, na drili na kaki za makarani na askari. Upande wa Bungoma na Busia pamba ilikuwa pia zao la shambani, na Malakisi palikuwa na kinu cha kuichambua tangu enzi za ukoloni. Kisha katika miaka ya 1960 na 1970 ikaja krimplini, ambayo haikunjamani, haitaki pasi, na haichakai upesi. Ikasifiwa kila mahali, na sifa hizo hazikuwa za uongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na mkulima wa pamba akaona soko lake likinywea. Kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kilidhoofika kabisa mpaka Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka wa 2007. Basi shauri hili la pamba na nailoni lina mkono wake katika mfuko wa mkulima pia, lakini mnunuzi hawezi kulaumiwa akitazama kwanza mfuko wake mwenyewe.

Tofauti kubwa ya nyuzi hizi ni katika maji. Katika hewa yenye unyevu wa kadiri, gramu 100 za pamba kavu huvuta gramu 8 hivi za unyevu. Sufi huvuta gramu 16 hivi. Poliesta haifikii hata nusu gramu. Ndiyo sababu mtu apaliliaye mahindi juani Bungoma hupata nafuu akivaa shati la pamba: jasho huingia katika nyuzi, hewa hulikausha, na mwili hupoa. Shati la poliesta tupu huliacha jasho lilale juu ya ngozi. Tena hushika harufu. Mwaka wa 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichunguza fulana za watu 26 waliofanya mazoezi ya mwili, nazo za poliesta zikaonekana kunuka vibaya zaidi kuliko za pamba. Karani akaaye ofisini na wenzake wanne na dirisha moja hana haja ya kwenda Ubelgiji kulithibitisha jambo hilo.

Lakini huko Kitale wema huo wa pamba hugeuka. Mvua huanza mwezi wa Machi au Aprili na kuendelea hata Oktoba, na pamba iliyolowa haikauki upesi, tena humnyonya mtu joto la mwili. Mwenye kukamua ng'ombe alfajiri katika manyunyu akiwa na fulana nzito ya pamba iliyolowa atatetemeka kuliko mwenzake aliyevaa sufi, maana sufi hubakiza joto hata ikiwa na maji. Sweta la sufi halisi ni ghali, na masweta mengi yauzwayo ni ya akriliki. Si mabaya. Ni mepesi, hukauka upesi, na nondo hawayali. Apendaye kuvaa vizuri katika baridi ile na avae pamba laini karibu na ngozi, na sweta juu yake.

Mzazi naye ana taabu yake. Mtoto ana sare moja, au mbili akibahatika; yafuliwa jioni na yatakiwa kesho asubuhi. Katika mwezi wa Julai kaptura ya pamba tupu itaamka mbichi. Kitambaa cha mchanganyiko, chenye poliesta sehemu 65 na pamba sehemu 35, hukauka mapema zaidi, hakipauki upesi, nacho hustahimili magoti ya mtoto. Hapa mchanganyiko wastahili kuchaguliwa bila haya, hata na wapendao pamba. Lisilofaa kabisa ni ile desturi ya kuanika sare usiku juu ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu usingizini.

Na moto ndio jambo la kuangaliwa kuliko yote. Nailoni na poliesta haziungui kama pamba, kwanza huyeyuka. Tone lililoyeyuka hushikamana na ngozi na kuendelea kuichoma hata baada ya mwali kuzimika, na kidonda chake ni kirefu. Msichana apikaye kwenye mafiga amevaa gauni la nailoni lenye marinda mapana yu katika hatari ambayo mamaye pengine hakuifikiria aliponunua gauni lile kwa ajili ya sikukuu. Ila isidhaniwe kwamba pamba ni salama kabisa. Pamba nyepesi, kama leso au gauni la kulalia, hushika moto upesi sana na mwali hupanda juu. Na mchanganyiko wa pamba na poliesta waweza kuwaka vikali, kwa kuwa pamba huubeba mwali na poliesta huulisha. Ya nyuzi zote za kawaida, sufi ndiyo ngumu kuwaka. Kwa hiyo vazi la jikoni na liwe la pamba nzito kama drili, lisilopwaya, lenye mikono mifupi, na leso ifungwe isining'inie.

Nguo ikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini na kujiviringisha. Mwenzake amfunike kwa blanketi la sufi au la pamba nzito. Mablanketi mengi ya siku hizi ni ya akriliki au poliesta, na magunia mengi ni ya plastiki. Hayo hayafai kwa kazi hii. Moto ukizimika, pachomwapo pamwagiwe maji baridi ya kawaida kwa muda wa dakika 20. Nguo isiyogandana na ngozi ivuliwe, lakini iliyogandana isivutwe kamwe. Huo ni mkono wa daktari. Mafuta ya kupikia, unga na dawa ya meno visipakwe. Kisha majeruhi apelekwe hospitali, hata kama asema maumivu yamepungua, maana mahali palipoungua sana mara nyingine hapaumi.

Mnunuzi atazijuaje nyuzi? Katika mitumba, kama ile ya soko la Chepkube mjini Bungoma au ya soko la Kitale, kijitambaa kilichoshonwa ndani ya ukosi au ubavuni husema. Si lazima kiwe cha Kiingereza. Baumwolle ni pamba kwa Kijerumani, coton kwa Kifaransa, algodón kwa Kihispania. Wolle na laine ni sufi. Neno polyester hubadilika kidogo tu kila mahali, jambo ambalo ni rehema. Kijitambaa kikiwa kimekatwa, nyuzi chache zichomolewe katika mshono wa ndani, zishikwe kwa koleo nje ya nyumba, na kuwashwa kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Sufi hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta na nailoni hujikunja, huyeyuka, na zikipoa huacha kidonge kigumu kisichopondeka kwa vidole. Hata leso zijaribiwe hivyo, kwa kuwa zipo nyingi za poliesta ambazo macho hayawezi kuzitenga na za pamba.

Mara nyingi kijitambaa hicho huwa na picha ya pasi yenye nukta. Nukta moja ni joto lisilozidi digrii 110, ndilo la nailoni na akriliki. Mbili ni digrii 150, ndilo la poliesta. Tatu ni digrii 200, ndilo la pamba. Pasi ya makaa haina kipimo, na ikikolea huweza kuipita nukta ya tatu. Basi nguo za pamba zipigwe kwanza pasi ikiwa kali, na za poliesta mwisho makaa yanapofifia, juu yake kukiwa na kitambaa cha pamba chenye unyevu. Mwenye shaka na ajaribu kwanza upande wa ndani wa pindo la chini, mahali ambapo kovu likitokea halitaonekana.