Kimondo Hakingoji Kiangazi

Mvua zianzapo kunyesha katika nyanda za Mbozi, aghalabu kuanzia Novemba hadi Aprili, familia nyingi za Tunduma, Vwawa na Mlowo hujifungia nyumbani siku za mapumziko, zikisema kwamba matembezi yatangoja kiangazi. Kiangazi nacho hakiji mikono mitupu: huja na mahindi ya kuvuna na kahawa ya kuchuma. Mwaka hupita, na mwingine hufuata. Hivyo si ajabu kumkuta mtoto wa Songwe amemaliza shule ya msingi ilhali Kimondo cha Mbozi amekijua kwa picha tu.

Wakati huohuo, mpakani Tunduma huingia wageni kutoka Zambia katika magari yaliyogeuzwa nyumba: ndani mna vitanda, jiko, maji na sanduku la nguo. Baba, mama na watoto husafiri humo, mvua inyeshe au isinyeshe. Wapo wanaoacha barabara kuu wakaenda Ndolezi kukitazama kimondo chetu, nasi tukabaki kuwatazama wao.

Ni kitu gani hicho wanachokifuata? Ni pande la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Sehemu yake kubwa, yapata asilimia 90, ni chuma, na nyingi ya iliyosalia ni nikeli. Wenyeji walikuwa nacho siku zote. Ulimwengu wa nje ulikifahamu mwaka 1930. Mwaka uliofuata, mtaalamu wa jiolojia, D. R. Grantham, alitaka sampuli, na kukata kipande cha sentimita 10 tu kukachukua saa 10. Tangu mwaka 1967 kimondo hicho kinalindwa kama kumbukumbu ya taifa.

Mtoto atakuuliza: shimo lililochimbwa na kishindo chake li wapi? Mjibu kwamba halionekani. Kilianguka zamani mno, maelfu ya miaka iliyopita, hata alama za ardhini zikafutika, wala haikubaki hadithi ya mtu aliyekiona kikishuka. Mvua ileile inayotuzuia nyumbani ni miongoni mwa vilivyolifuta shimo hilo. Je, kuna siku ifaayo zaidi kulifundisha somo hili kuliko siku ya mvua, chuma kile kikiwa kimelowa mbele ya macho yake?

Utasema huna gari la namna ile. Kaya mbili zinazoelewana zaweza kuchangiana kukodi Hiace moja, zikapakia magodoro, chakula kilichokwisha kupikwa, maji ya kunywa na nguo za kubadili. Hiyo yatosha kuwa nyumba ya siku moja.

Hata hivyo, kuithubutu mvua si kuidharau. Kwanza, ulizeni hali ya njia ya Ndolezi kabla ya kuondoka, nanyi ondokeni asubuhi ili giza lisiwakute njiani. Barabara kuu ya kwenda Zambia imejaa malori, na lami iliyolowa hurefusha mwendo wa gari kabla ya kusimama. Basi acheni nafasi kubwa mbele yenu.

Pili, mkiyakuta maji yakivuka barabara kwa kasi, simameni. Maji ya kina cha sentimita 30 tu yaweza kulisukuma gari dogo, na ya sentimita 60 huweza kuchukua hata gari kubwa.

Tatu, na hili nawasihi akina mama na akina baba pamoja: baridi ya Mbozi isiwashawishi kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari na kufunga vioo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hahisi kitu, na huenda asiamke. Blanketi moja zaidi ni bora kuliko jiko hilo.

Jambo gumu kuliko yote ni kugeuza gari. Baba aliyewaahidi watoto huona haya kurudi nao bila kukiona kimondo, na haya hiyo imekwisha kuwaingiza wengi mtoni. Yafaa basi waambiwe mapema, kabla ya kupanda garini, kwamba njia ikikataa mtarudi na kwenda siku nyingine. Kawia ufike.

Kimondo hakiendi popote. Wanaokwenda ni watoto wetu: leo wapo nyumbani, kesho wapo shule za bweni, keshokutwa wapo miji ya mbali, wakiulizwa habari za kwao. Msomaji mpendwa, itafute Jumapili moja katika msimu huu, uwape jibu.